Makopo ya Leota

Jumanne, 11 Aprili 2023

Upepo tangu alfajiri. Bango la karakana limeanguka tena. Safari hii nimeliacha lilale chini — mji una watu mia nne, na wote wanajua Hessler anatengeneza bunduki wapi.

Saa nne kaingia Mzee Orval Reisig. Sijamwona tangu ateleze kwenye barafu Januari akavunja kifundo cha mkono wa kulia. Amekonda! Karabini yake ameikumbatia kifuani, na kopo la kahawa kwapani. Nikadhani kaniletea kahawa. Kumbe risasi.

Karabini ile naijua. Baba aliibadilishia kitako nikiwa darasa la tano. Bunduki fupi ya wenzo: unavuta chini, unarudisha juu, krak-krak, risasi nyingine imeshaingia. Inakula risasi za nne-tano ndefu, za kikauboi. Sasa mzee anataka niibadilishe iweze kula nne-tano fupi, zile za bastola inayojipakia yenyewe.

Nikamwambia hiyo ni kumtandika ng'ombe ili akashindane na farasi.

"Emil angeweza," akasema.

Emil ni baba yangu, Mungu amrehemu. Mzee mjanja huyu! Anajua pa kunichoma.

Halafu akaeleza, taratibu, macho kwenye kikombe. Bastola haishikiki tena. Ikiruka tu mkononi, machozi. Karabini ataiegemeza begani, mkono utapumzika. Na risasi za bastola anazo, makopo kumi na moja, yote aliyajaza mkewe Leota kwenye meza ya jikoni, risasi moja moja, kabla hajafa. Leota alikwenda Februari ya mwaka jana. Kiharusi — dakika kumi, kwisha.

Mengine hakuhitaji kunieleza. Kwenye klabu yetu ya shabaha za kikauboi sheria ni ile ile tangu enzi za kina baba: jina la marehemu linaendelea kusomwa kwenye orodha maadamu siku hiyo yupo mtu anayepiga risasi alizojaza marehemu kwa mkono wake. Hata moja inatosha. Siku ya shabaha ikipita bila hata moja, kalamu inatoka na jina linakatwa. Mwaka jana mzee alipiga mwenyewe, msimu mzima. Mwaka huu mkono ndio huo.

"Msimu unafunguliwa tarehe sita Mei," akasema. "Nisipompigia mimi, nani?"

Nimekubali. Nani angekataa?

Alifika mlangoni akageuka. Makopo hayaguswi kwa majaribio, akasema. Nijaribu kwa risasi zangu mwenyewe. Za Leota hazipigwi kwenye ndoo ya mchanga. Na kopo lake akaondoka nalo! Alikuja nalo nilione tu.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua ya mawe. Kioo cha pikapu kimepona, miche ya nyanya haikupona.

Kazi hii inaniumiza kichwa. Risasi ndefu ina ukingo matakoni. Ikiingia chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu, ukingo unagota, basi, imekaa. Fupi haina ukingo. Yenyewe inagota kwa mdomo: mdomo wa ganda ndio unaoizuia isizame. Kwa hiyo chemba lazima iwe sawasawa kabisa. Nikikosea unene wa unywele, risasi inazama ndani, pini inaigonga kijuujuu, na badala ya bum unasikia tik.

Mtutu mpya nimeupachika vizuri. Ila kile kijindoana cha kuvutia ganda nje — cha kwanza nimekivunja. Nimetukana kwa Kijerumani cha bibi. Sijui maana ya nusu ya maneno yale, lakini yanasaidia.

Jumatano, 26 Aprili

IMEPIGA! Thelathini, zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, hakuna iliyogoma. Wenzo laini. Maganda yanaruka begani vizuri kabisa. Fundi ni mimi!

Nikampigia simu Mzee Orval. Akasema tu: "Emil angefurahi." Akakata.

Basi nikalia mwenyewe pale kwenye jiliwa, kile kibanio cha benchi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita! Vumbi la chuma, nitasema, akiniuliza mtu.

Jumamosi, 6 Mei

Fedheha. Sijui nianzie wapi.

Uwanja ulijaa. Kofia zote, mikanda yote, matumbo yote. Orodha anaisoma Duane Brunz, kama kawaida. Siku za kazi ni fundi bomba, uwanjani ni Daktari Feki. Wote tuna majina yetu ya uwanjani. Mimi Shangazi Kutu. Mzee Orval ni Mchungaji Kuchelewa, maana hajawahi kufika popote kwa wakati, hata kanisani siku ya harusi yake. Leo kafika wa kwanza.

Duane akasoma mpaka mwisho, halafu akavua kofia. "Bibi Chachu."

Huyo ni Leota. Kwa ajili ya mikate yake.

"Yuko njiani," akajibu mzee. Ndivyo inavyojibiwa.

Akasimama kwenye mstari. Akafungua kopo mbele ya watu, akaingiza kumi. Bega likakaa, shavu likalala kwenye kitako, nikamwona amekuwa kijana tena. Bum. Bum. Nikashusha pumzi.

Tik.

Akavuta wenzo, nyingine. Bum. Tik. Na kuendelea. Kumi kwa jumla: sita zimepiga, nne zimegoma. Kwenye kila tik nilitamani ardhi inimeze.

Duane hawezi kunyamaza. "Shangazi Kutu! Hiyo karabini yako imejiunga na chama cha wafanyakazi?" Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Lakini jamaa aliyekuwa aniletee shotgani zake mbili Jumatatu kaniambia hana haraka, atasubiri kwanza.

Mzee Orval ndiye aliyenifariji! Yeye, mimi! "Sita zimetosha, binti. Jina limebaki." Nikaokota zile nne zilizogoma, nikatia mfukoni mwa aproni.

Tukakaa kwenye kivuli cha gari lake tukila mkate wa kabeji na nyama. Akasema Leota angecheka sana leo. Halafu akanimwagia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Septemba ya mwaka wake wa mwisho, pale pale kwenye mstari, Leota alikosea mpangilio. Shabaha za kushoto zilitangulia, yeye akaanzia za kulia. Akarudia, akakosea tena. Mzee akampigia kelele mbele ya watu: "Leota! Hata mtoto angekumbuka!"

Leota akaweka bastola mezani, akatabasamu, akaenda kukaa garini. Hakupiga tena. Nyumbani aliendelea kujaza risasi zake, kila asubuhi, lakini uwanjani hakurudi.

"Alininunia, Twyla. Miezi mitano. Akafa ameninunia."

Nikampa nusu ya mkate wangu.

Jumapili, 7 Mei

Sikwenda kanisani. Nimepima chemba mara sita. Iko sawa. IKO SAWA! Thelathini zangu nyingine zimepiga zote.

Kosa liko wapi basi?

Jumatano, 10 Mei

Nimelipata. Afadhali nisingelipata.

Aproni ilikuwa inaingia kwenye mashine ya kufulia, nikasikia kitu kinagonga. Zile nne. Nikaziweka kwenye benchi kando ya zangu, nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mdomo wa ganda. Umekunjwa ndani.

Ndivyo unavyofanyia zile ndefu: unakunja mdomo ukibane kichwa cha risasi, kisisukumwe ndani na wenzake kwenye bomba la chini ya mtutu. Ndefu unaikunja bila wasiwasi, inakaa kwa matako. Lakini fupi inasimama kwa mdomo! Ukiukunja, haina pa kugota, inazama; nyingine pini inaifikia, nyingine haiifikii. Tik.

Yeyote anayejaza risasi za aina zote mbili kwenye meza moja anafundishwa hili siku ya kwanza. Kabla hajagusa baruti. Ndefu kunja, fupi nyoosha. Najua kwa sababu mimi nilifundishwa jikoni kwa Leota Reisig, na Leota Reisig ndiye aliyenipiga kofi la mkono nilipokosea. Miaka arobaini alijaza. Hawezi kukosea hilo. Haiwezekani.

Na bastola ya mzee ilizipigaje? Rahisi. Kijindoana cha bastola kinalidaka ganda nyuma na kulishikilia hapo hapo mbele ya pini, hata kama mdomo umekunjwa. Bastola ilikuwa inamsitiri. Mwaka mzima! Karabini yangu haikujua kusitiri mtu.

Nimekaa pale mpaka kahawa imepoa. Nimekumbuka Novemba ile, kahawa ya kanisani. Leota alinishika mkono akaniuliza mama hajambo? Mama alifariki mwaka 2009. Leota mwenyewe ndiye aliyeoka mikate ya msiba. Nikamjibu, hajambo. Nilidhani kanichanganya na mtu mwingine. Kidogo baadaye akaniuliza tena.

Alikuwa anasahau. Akili yake ilikuwa inaondoka, na sote tulikuwa pale tunakunywa kahawa.

Alhamisi, 11 Mei

Nimwambie? Nisimwambie?

Nikimwambia: kosa si la karabini, jina la Hessler linasafika. Na yeye anajua kwamba alimpigia kelele mgonjwa, mbele ya watu.

Nisipomwambia: mimi ndiye niliyeharibu.

Baba angesema kweli ni kweli, isemwe. Lakini baba hakuwa na mdomo mzuri, na nusu ya mji haikumzika.

Jumamosi, 13 Mei

Mzee kaja na pai ya rubabi, yale mabua machachu ya bustanini. Kaioka mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nilikula vipande viwili kwa mapenzi. Gamba lake ningeweza kulikereza kwenye mashine.

Nikamdanganya. Nikamwambia nimekosea chemba, kwa unywele. Kosa langu, Mzee Orval, nisamehe. Niletee makopo yote niipime kwa risasi zenyewe, na tarehe kumi Juni, shabaha ijayo, itapiga kumi kwa kumi.

Akaniangalia muda mrefu. Nikajua nimenaswa.

"Emil alikosea mara moja pia," akasema. "Bunduki ya shemeji yangu. Mwezi mzima hakulala vizuri. Wewe lala, binti."

Ee Mungu. Mwenye kosa anasamehewa, na asiye na kosa naye anasamehewa, na wote ni mimi.

Mpango wangu: nitang'oa kila risasi. Ganda la Leota, kichwa cha Leota, fataki ya Leota inayogongwa na pini, vyote vinabaki. Baruti nitatia upya, midomo nitainyoosha, nitarudisha kwenye kopo lile lile. Mzee hatajua milele. Jioni akayaleta makopo bila ubishi safari hii, kila moja na plasta ya karatasi yenye mwezi kwa mwandiko wa Leota. Septemba. Oktoba. Septemba tena. Septemba ya tatu, na mwaka ni ule ule! Makopo yalikuwa yanasema muda wote, tatizo hakuna aliyeyasoma.

Jumanne, 30 Mei

Mwandiko huu nisamehewe.

Nilikuwa kwenye kopo la tatu. Unaweka risasi ndani ya kichwa cha nyundo ya plastiki, unagonga benchi, tak, kichwa na baruti vinadondoka. Kazi ya kuchosha. Kwa mazoea tu nilikuwa napima baruti ya kila moja kwenye mizani. Sawa. Sawa. Sawa. Halafu sahani ya mizani ikazama.

Nikadhani mizani imeharibika. Nikapima tena. Kipimo mara mbili. Mara mbili kamili, ganda moja.

Alitia baruti, akasahau kwamba ametia, akatia tena.

Na shavu la Mzee Orval linalala wapi kwenye ile karabini? Kiganja kimoja kutoka chemba, na baruti mara mbili inaipasua chemba. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naogopa tik! Kumbe tik zilikuwa rehema.

Kufika mwisho wa kopo nimepata nyingine ya namna hiyo. Na moja isiyo na baruti kabisa.

Ndipo nikahesabu makopo. Kumi. Nikahesabu tena, kumi. Lile alilofungulia uwanjani limo. Yeye alisema kumi na moja.

Nikampigia. "Mzee Orval, kopo jingine liko wapi?"

"Aa, nilimpa Duane. Endapo karabini itagoma tena, yeye ampigie kwa bastola. Kaniambia leo anakwenda uwanjani kuzizoea."

Sikukata hata simu. Niliitupa kitini. Maili saba za changarawe, sijui nilizipitaje. Duane nikamkuta mstarini, bastola juu, masikioni vizibo. Nilipiga honi mpaka nikaingia na gari kwenye nyasi nyuma ya mstari — jambo la kufukuzwa klabu. Akageuka, bastola chini.

"Wee dada! Umepatwa na nini?"

"Weka chini! Toa hizo risasi! Toa!"

"Nimepiga ishirini, zote safi. Za Bibi Chachu hazina—"

Nikampokonya kopo. Nikampokonya na zilizokuwa kwenye bastola, nikamwomba na ya mfukoni. Akauliza kuna nini. Nikamwambia baruti imeingia unyevu. Akasema tangu lini unyevu unamfanya mtu aendeshe gari juu ya nyasi. Halafu akauona uso wangu, akaacha utani. Duane ana binti wa miaka sita. Nilirudi kukaa garini, kopo mapajani.

Alhamisi, 8 Juni

Siku tisa nimejificha nyuma ya kazi. Makopo yote kumi nimemaliza. Kadiri plasta zinavyosogea kuelekea baridi, ndivyo risasi zilivyo mbaya. Leo nimefungua lile la Duane, la mwisho.

Chini kabisa, chini ya risasi, karatasi. Imekunjwa mara nne. Nyuma ni orodha ya sokoni: mayai, chachu, sabuni ya Orval. Mbele, mwandiko wa Leota, herufi kubwa, zimebonyezwa mpaka karatasi imetoboka:

FUPI: KUNJA MDOMO. KUNJA. USISAHAU.

Na chini, ndogo:

Usimwulize Orval. Atajua.

Nimesoma mara ngapi sijui.

Hakuwa mzembe. Alikuwa anapigana! Alijua anasahau, akajiandikia ili asikosee, na hicho alichojiandikia ndicho kosa lenyewe. Halafu akakifuata kwa uangalifu wote aliobakiwa nao. Midomo yote imekunjwa vizuri. Kazi safi. Hakuna hata mmoja aliouacha.

Na hakununa. Hakumnunia mtu. Aliacha kupiga kwa sababu aliogopa — pale mstarini, na bastola mkononi, na watu nyuma. Akatabasamu akaenda kukaa garini ili asimwumize mtu. Miezi mitano alimficha mumewe, na mumewe anaamini miezi mitano alichukiwa.

Basi nimejibiwa. Uongo wangu ulikuwa unamsitiri nani? Kesho nakwenda. Shabaha ni keshokutwa.

Ijumaa, 9 Juni

Naandika nikiwa ndani ya pikapu, mbele ya nyumba ya Mzee Orval. Saa nane mchana. Amenitoa nje — kwa adabu, lakini amenitoa.

Nilifika saa sita na makopo kumi na moja. Amenyoa, shati la kesho limepigwa pasi, liko kwenye kiti. Kiti cha jikoni, mbele ya mashine ya kujazia risasi, hakijawekewa nguo wala chombo. Hakikaliwi. Kimebaki na mto wa Leota.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Ilinitoka kwa dakika mbili, ovyo ovyo. Chemba haikuwa mbovu, Mzee Orval, nilikudanganya. Midomo. Baruti mara mbili. Septemba tatu. Alikuwa anaumwa. Nikaona maneno yangu hayafiki, nikatoa karatasi nikaiweka mezani mbele yake.

Miwani hakuiona. Iko kichwani. Nikamshushia mimi.

Akasoma. Akageuza, akasoma upande wa mayai na chachu, kila neno, mpaka sabuni. Akageuza tena.

"Septemba ipi?" akauliza.

"Baada ya ile siku."

"Baada." Akalirudia neno. Halafu: "Nilimwambia hata mtoto angekumbuka."

"Hukujua."

"Nililala naye kitanda kimoja, Twyla."

Nikamwambia lile ninalolijua: hakukununia. Angekununia asingejaza makopo haya yote. Alikuwa anaogopa utajua, ndiyo maana ameandika. Mtu hamfichi asiyempenda.

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini. Kulia kwa mzee hakuna sauti, mabega tu. Nilisimama pale na mikono yangu mikubwa isiyojua pa kwenda, mpaka nikamshika shingoni, kama baba alivyokuwa akinishika.

Alipotulia akaangalia makopo. "Hayafai tena."

Nikamweleza. Maganda yake, vichwa vyake, fataki zake ziko pale pale, nimezitenga. Mapya ni baruti tu, na mdomo kunyooshwa. Nilitaka kuyajaza mimi kimya kimya. Sikujaza hata moja.

Akafikiri. Huyu mzee anafikiri polepole.

"Ganda lake. Kichwa chake. Baruti ya mtu mwingine. Hiyo risasi ni ya nani?"

"Sijui, Mzee Orval."

"Duane atasemaje?"

"Duane atasema linalosemwa na sheria. Iliyojazwa na marehemu."

"Kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake," nikakubali. Nimechoka kudanganya, hata kama kesho jina litakatwa.

Hapo ndipo alipouliza kama naweza kwenda nje kidogo. Niache karatasi.

Basi niko nje. Upepo. Mbwa wa jirani ananibwekea tangu saa saba na nusu. Dirisha la jikoni liko wazi na mzee anaongea. Si na simu. Simu yake ninayo hapa, niliichukua kwa makosa pamoja na funguo. Maneno siyasikii. Nasikia "Leota", halafu kimya kirefu, halafu tena "Leota". Mara moja ilikuwa kama anacheka.

Sasa kimya.

Sasa kiti kimeburutwa. Kile cha mto — nakijua kwa mlio, mguu mmoja mfupi, nilikikalia nikijifunza. Amekaa. Nasikia mkono wa mashine unashushwa, unarudi. Mtupu. Unashushwa tena. Mzee huyu hajajaza risasi hata moja maishani mwake, kila moja aliyopiga kwa miaka arobaini alijaziwa.

Ananiita kwa dirishani.

"Twyla! Hii fupi — mdomo unanyooshwa vipi? Njoo unionyeshe. Na uje na kalamu. Hapa chini ya mwandiko wake pana nafasi, na mimi niandike nisisahau."